Kumi Kabla ya Kwanza

Ukimtafuta pale hospitali, usiulize jina lake. Jina analo, limeandikwa kwenye kitambulisho anachovaa shingoni, lakini hata mhasibu anayemwandalia mshahara husita kidogo akilitafuta kichwani, kisha hukata tamaa na kusema, "Yule, jamani... Nukta." Jina hilo alilipata darasani, enzi za kujifunza kupiga taipu. Mwalimu alikuwa akisoma imla, na kila mwisho wa sentensi akitamka "nukta" kama mtu anayegonga msumari. Siku moja akamwambia aipige upya barua nzima kwa ajili ya kosa moja. Yeye akasema kosa si lake, ndivyo ilivyosomwa. Mwalimu akasema piga. Akasema sipigi. "Hupigi kwa nini?" "Sipigi, nukta." Darasa zima likavunjika mbavu. Alifukuzwa wiki nzima, na aliporudi alikuta jina limeshamzoea.

Wapo watu wanaobisha ili waonekane. Hao sina haja nao, kila ofisi ina wake. Nukta hubisha kwa sababu jambo lililopinda humwasha mwilini, na hatulii mpaka alinyooshe au limshinde. Ni mwanamke mfupi, mfupi hasa, huweka mto juu ya kiti ili viwiko vyake vifike mezani. Kompyuta zilipoingia masijala ya hospitali, wapiga taipu wote waliambiwa asante na kwaheri. Wenzake wakalia, wakafungasha. Yeye kesho yake akaja kama kawaida, akakaa. Akaambiwa hana kazi tena. Akasema sawa, lakini hajaona barua yenye sahihi. Wakati barua inatafutiwa mtu wa kuitia sahihi, yeye alikuwa amemganda fundi aliyeleta zile mashine: hiki ni nini, na hiki je, na nikibonyeza hapa? Fundi akachoka, akamwachia kitabu chake cha kuandika programu, kisicho na jalada, ili apate kupumua. Barua ilipofika hatimaye, Nukta ndiye aliyekuwa mtu pekee wa kujua kuiwasha printa. Barua ikarudishwa ilikotoka.

Sasa twende kwenye habari ya macho. Hospitali ile haina daktari bingwa wa macho. Huja mmoja mara moja kwa mwaka na timu yake, hufanya upasuaji wa mtoto wa jicho siku chache, kisha huyo, haonekani tena mpaka mwaka mwingine. Watu hujiandikisha mwaka mzima na kungoja. Na kila mwaka, daktari akishaweka mikasi yake mezani, hutokea watu wasiojulikana walijiandikisha lini: shemeji wa fulani, jirani wa fulani, mama mmoja aliyesoma na mke wa fulani. Wanaingia kwa mlango wa pembeni, na waliokaa kwenye benchi wanasikia tu viatu vikipita. Nukta aliyaona hayo kupitia dirisha lake la masijala kwa miaka, na kila mwaka akiwashwa zaidi ya uliopita.

Basi akaandika programu. Haikuwa kubwa. Ilichukua orodha ya waliojiandikisha, ikasoma tarehe ya kila mmoja, ikatoa iliyotangulia kuliko zote. Aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuitwa, na mashine haina shemeji. Katibu wa hospitali, bwana mtaratibu anayependa muhuri kuliko chakula, aliifurahia kwa sababu zake mwenyewe: alichoka kupigiwa simu. "Nikipigiwa nitasema kompyuta ndiyo inayoamua," alisema, akajiegemeza kitini kwa raha.

Na hapa nimlete mama yake Nukta, maana bila yeye hakuna cha kusimulia. Ni mshonaji. Aliwasomesha wanawe wawili kwa kushona sare za shule, na watu walikuwa wakitoka mbali kumletea kola, kwa kuwa kola zake zilikaa shingoni bila kuombwa. Kisha ukungu ukaanza kutanda machoni. Kwanza akalaumu taa. Halafu akalaumu kiwanda cha nyuzi. Siku alipomshonea mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto, akalikunja, akalirudisha kwa heshima, na tangu hapo anashona foronya tu, kwa mkono, kwa kupapasa, mshono mmoja mrefu ulionyooka. Hata uzi hawezi kutunga. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Nukta humtungia sindano za kutosha, akazichoma kwenye mto wa sindano kando ya cherehani, na mama huzitumia moja baada ya nyingine mpaka jioni. Wanaishi pamoja katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya kaka mtu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma.

Mwaka huo daktari alipokuja, wagonjwa wa miaka ya nyuma walimaliza nafasi karibu zote. Kisha, siku moja kabla ya mwisho, mmoja wao alipimwa presha ikakutwa iko juu mno, akaambiwa arudi nyumbani. Ikabaki nafasi moja ya kesho asubuhi, na hao waliobaki kwenye orodha wote walikuwa wamejiandikisha mwaka uliopita. Katibu akaja dirishani. "Haya, Nukta. Iulize mashine yako."

Akaiuliza. Mashine haikufikiri hata kidogo. Jina lililotokea kwenye skrini lilikuwa la mama yake.

Nukta alilisoma, akalisoma tena, akafunika uso kwa viganja akalia pale pale mbele ya bosi wake. Sitaficha: alilia kwa furaha kama mtoto. Katibu akapiga muhuri, karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na Nukta akapiga simu nyumbani. Upande wa pili alimsikia mama yake akiita jirani, na kaka yake akipiga nyundo kwenye bati kushangilia.

Mchana dirishani akatokea Mzee Kelele. Huyu ni dereva wa lori aliyestaafu, macho yote mawili meupe, na kila mwezi huongozwa mpaka pale na mkewe ili agombane. Matusi aliyozoea kumtupia Nukta siwezi kuyaweka hapa. Watu wa masijala walishazoea. Akifika, mmoja hufunga mlango wa ndani na mwingine hupandisha feni.

"Nani ameitwa?" akauliza.

"Mzee, jina limebandikwa."

"Nibandikie usoni basi, ndipo nitakapoliona! Nauliza ni nani?"

Mtu kwenye benchi akamjibu kabla ya Nukta. "Ni mama yake mwenyewe huyo wa dirishani."

Benchi likacheka, si kicheko kizuri. Mzee Kelele akaligonga dirisha kwa fimbo. "Ala! Ndiyo maana mliandika hiyo mashine! Mimi nilijiandikisha mwezi wa kwanza, mwaka haujafunguka vizuri, hata dada wa mapokezi alikuwa bado ananitakia heri ya mwaka mpya. Huyo mama yako alijiandikisha lini? Sema!"

Nukta akafungua mdomo ajibu, maana jibu alilijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka mama yake, mvua ikinyesha, wakishirikiana mwavuli mmoja uliovunjika ubavu. Ilikuwa mwezi wa kumi. Akamwambia mzee asubiri, akafunga dirisha.

Akafungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta. Akaandika maneno mawili, kwanza na kumi, akaiuliza mashine lipi linatangulia. Ikasema kumi, bila haya yoyote.

Nieleze, maana hapa ndipo palipopinda. Kompyuta haijui mwezi ni kitu gani. Ukiipa maneno itayapanga kama yalivyopangwa kwenye kamusi, herufi kwa herufi, kuanzia kushoto. Kwenye ile orodha mwaka, mwezi na siku viliandikwa kila kimoja kwenye safu yake, na mwaka ulikuwa mmoja kwa wote. "Mwezi wa" ilikuwa ileile kwa wote. Kisha "kumi" na "kwanza": k kwa k, sawa, halafu u kwa w, na u hutangulia w. Basi. Mashine ikaona kila aliyejiandikisha mwezi wa kumi amewahi kuliko kila aliyejiandikisha mwezi wa kwanza. Hata watu wa mwezi wa nane na wa nne iliwapa nafasi mbele ya wa pili, na siku nazo ilizipanga kimaneno vilevile, ndiyo maana mama yake aliwapita hata wenzake wa mwezi wa kumi waliomtangulia.

Na kwa nini miezi iliandikwa kwa maneno? Nukta alikuwa amemwagiza dada wa mapokezi aandike tarakimu tupu: mwaka, mwezi, siku. Dada akasema tarakimu humchanganya mgonjwa akiwa anamsemesha, yeye huandika anavyosikia, mwezi wa nane tarehe tano, na tangu azaliwe hajawahi kumsikia mgonjwa akisema sufuri nane. Nukta akamwachia. Katika ubishi wote aliowahi kuushika, huo mmoja alioulegeza ndio uliomponza. Tena alipoijaribu programu aliipa tarehe tatu za kubuni: mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikazipanga sawasawa, kumbe ilibahatisha tu, kwa kuwa k iko kabla ya p na p kabla ya t. Naye akaipongeza!

Akaketi kuisahihisha. Aliandika kamusi ndogo ndani ya programu: kwanza ni moja, pili ni mbili, na kuendelea. Akaiagiza itafute "kumi na mbili" na "kumi na moja" kabla ya kutafuta "kumi" tupu, la sivyo ingeishia kwenye kumi na kudhani imemaliza. Kila mstari ugeuzwe kwanza kuwa tarehe ya kweli, ndipo ilinganishe. Na mstari isioweza kuusoma, isibuni. Isimame na kupiga yowe. Ikasimama kweli, kwenye mstari mmoja ambapo dada wa mapokezi aliandika "mwezi wa mbili". Nukta akaufurahia ule ukaidi wake, akaongeza neno "mbili" kwenye kamusi, akaiendesha tena.

Lilitoka jina la Mzee Kelele.

Alikaa akilitazama. Kwa kweli alitamani kuzima kompyuta aende zake. Nani angejua? Mzee yule alikuwa akipiga kelele tangu zamani na hakuna aliyemsadiki hata siku alipokuwa na haki. Kelele zake zingemezwa na feni kama kawaida. Kule nyumbani mama yake alikuwa ameshakunja nguo za kwendea wodini. Ingetosha kunyamaza mpaka kesho asubuhi. Nukta hakuwahi kuwa na kipaji cha kunyamaza, lakini mchana ule alikitafuta kwa dhati, na nadhani alikaribia kukipata. Kisha akasikia benchi lile nje likicheka tena. Akainuka.

Katibu alimsikiliza akiwa ameshika kalamu hewani. Alipomaliza, akaiweka chini taratibu.

"Hebu ngoja nielewe. Mama yako amepata nafasi."

"Ndiyo."

"Na anayelalamika ni wewe."

"Ndiyo, bwana Katibu."

"Ningesimuliwa habari hii ningesema msimuliaji amelewa." Akaangalia mlango kama umefungwa. "Sikiliza, mama. Karatasi imebandikwa. Ina muhuri. Kesho asubuhi daktari anapasua. Nikibadilisha leo watasema hatujui kazi yetu. Hakuna aliyeonewa ambaye hajazoea kungoja."

"Hiyo ndiyo sababu yako?"

"Ndiyo sababu inayonilisha."

"Basi nitaibandua mimi."

"Ukibandua karatasi yenye muhuri wangu, utajieleza kwa maandishi."

"Nitajieleza. Kuandika ndiko kulikonileta hapa."

Akatoka kabla hajaambiwa toka. Kwenye ukumbi wa mapokezi benchi lote likageuza shingo lilipomwona akienda ubaoni akiwa na karatasi mpya mkononi. Pini ilikuwa imekazwa juu sana na yeye ni mfupi, ikabidi avute kiti. Hapo mtu akacheka. Akapanda, akaichomoa ile ya muhuri, akageuka akiwa bado amesimama kitini.

"Sikilizeni. Jina lililokuwa hapa ni la mama yangu. Halikutakiwa kuwa hapa. Mashine ilipanga miezi kama maneno, ikaweka kumi kabla ya kwanza, na aliyeifundisha vibaya ni mimi. Anayefuata ni huyu mzee." Akamwonyesha kwa karatasi, ingawa mzee hakuona. "Mwenye la kusema juu yangu aniambie nikiwa nimesimama hapa, asingoje nishuke."

Mkewe Mzee Kelele akaanza kububujikwa na machozi. Mzee mwenyewe akanyoosha shingo na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Nilisema! Mwezi mzima nasema, mwaka mzima nasema! Viziwi nyinyi!" Asante hakutoa. Nukta akashuka kitini, akakirudisha mahali pake.

Nyumbani alikuta sherehe. Jirani amekuja, kaka mtu amevua koti la kazi na kunawa mpaka viwikoni, na mama amekaa katikati na begi dogo mapajani, amevaa gauni la kutokea ambalo alilishona mwenyewe zamani, wakati bado kola zake zinasifiwa. Akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Ni wewe, mwanangu? Wamesema nisile tangu usiku, si ndiyo?"

Nukta akasema yote akiwa wima, maana alijua akikaa hatamaliza. Jirani akakumbuka ana kitu jikoni kwake, akaondoka. Kaka mtu akabaki amemkodolea macho.

"Umemtoa mama?"

"Sikumtoa. Hakuwa amefika zamu yake."

"Umemtoa mama umemweka yule mzee wa matusi! Dada, una akili timamu wewe? Watu wanahonga wapate nafasi kama hiyo, wewe umeletewa mkononi umeitupa!"

"Sikuletewa. Ilipotea njia ikaingia kwetu."

"Mwache," mama akasema.

Mama akalifungua begi, akaanza kutoa nguo moja moja na kuziweka kitandani, akizinyoosha kwa kiganja. Alipomaliza ndipo aliposema, bila kupandisha sauti.

"Nilizaa mtoto mbishi, nikashukuru. Nikasema huyu hataonewa na mtu. Sikujua atakuja kubishana na macho yangu."

"Mama, ile programu niliiandika ili mtu asije akakuruka wewe. Nikikuacha umruke mwenzako, kesho mwingine atakuruka, nami sitakuwa na mdomo wa kusema."

"Mdomo!" Mama akacheka kicheko kikavu. "Mdomo unao, mwanangu, umejaa. Mimi ndiye sina macho."

Nukta alilala akiwa ameumia, na nitasema pia, alilala akiwa hajajuta. Alijaribu kujuta, kwa heshima ya mama yake, akashindwa.

Asubuhi akatunga sindano kama kawaida, akazichoma kwenye mto, akaenda kazini. Kule alikuta barua ya Katibu ikimtaka ajieleze kwa nini alibandua karatasi yenye muhuri. Akapiga jibu pale pale: "Kumi haiji kabla ya kwanza. Nimesahihisha." Akatia sahihi. Katibu aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama inaendelea, akaona haiendelei. Mwishowe akaipiga muhuri, akaiingiza kwenye faili, na barua ya pili haikuja. Daktari alimpasua Mzee Kelele siku hiyo hiyo, akafungasha mikasi yake, akaondoka.

Jioni Nukta alikuta sindano zote kwenye mto ziko tupu. Nyuzi zilikuwa zimechomolewa na kulazwa mezani, zimepangwa vizuri, na mama ameketi mbele ya cherehani na sindano moja mkononi, analamba ncha ya uzi, anapapasa tundu, anakosa, analamba tena. Kidole chake kilikuwa na damu.

"Nipe nikusaidie, mama."

"Sitaki."

Kesho yake akatunga tena zote. Jioni akazikuta tupu zote. Siku ya tatu vivyo hivyo. Hawakusemeshana ila maneno ya lazima, maji yamechemka, mlango ufunge, na kaka mtu akawa anapita katikati yao kama mtu anayevuka barabara. Mama hakushona hata foronya moja. Nukta hakuacha kutunga hata asubuhi moja. Ukiuliza huo ubishi mtoto aliutoa wapi, ulikuwa umekaa pale mbele ya cherehani, unalamba uzi.

Mwezi ulipogeuka, siku yake ya kawaida, Mzee Kelele akafika dirishani. Safari hii hakushikwa mkono. Akainama, akachungulia ndani kwa jicho lililopasuliwa, akamwangalia Nukta kutoka kichwani mpaka kwenye ule mto wa kitini.

"Kumbe wewe ni mfupi hivi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwaka mzima nilidhani nagombana na mtu mzima!" Akageuka kuondoka, akarudi. "Na huyo mama yako, atapasuliwa lini?"

"Zamu yake ikifika."

"Nani anamsemea?"

"Hakuna haja ya kusemewa. Kuna orodha."

Mzee akatoa mguno wa mtu aliyeendesha lori katika nchi ya orodha nyingi. "Nitakuja kila mwezi," akasema. "Kelele nimezizoea, siwezi kuziacha ghafla." Akaenda kukaa kwenye benchi, akaanza kuwauliza wagonjwa mmoja mmoja kwa sauti walijiandikisha lini.

Jioni ile mama alikuwa mahali pake. Nyuzi zilikuwa zimelazwa mezani kama kila siku. Nukta akavua viatu. Akashangaa kusikia anaulizwa.

"Yule mzee ameona?"

"Jicho moja. Ameona."

"Alisemaje alipokuona?"

"Alisema mimi ni mfupi."

Mama akaangua kicheko, cha kweli, cha tumboni, mpaka akashika ukingo wa cherehani. Nukta naye akacheka. Walicheka muda mrefu kuliko neno lenyewe lilivyostahili. Mama akajifuta macho yake meupe kwa nyuma ya mkono.

"Sura yako imeanza kunipotea," akasema. "Ufupi naukumbuka."

Nukta akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Sasa mbele yangu kuna nani?" mama akauliza.

"Kuna watu wa miezi tisa, mama. Na wa mwezi wa kumi waliokutangulia siku."

"Wote hao."

"Wote hao. Sikufichi."

"Nimekuomba unifiche?" Mama akatafuta mto wa sindano kwa mkono, akausukuma upande wa binti yake. "Nipangie. Nataka kujua nilipo."

Nukta akachukua sindano ya kwanza na uzi uliolala mezani. Akautunga, akaichoma pembeni mwa mto. "Mwezi wa kwanza," akasema. Akachukua nyingine. "Wa pili." Mama akaweka kidole chake kilichojaa matundu juu ya kila moja ilipochomwa, akaifuata: wa tatu, wa nne, wa tano. Hakuharakisha. Kwenye wa saba alisimama akauliza kama hao wa saba ni wengi, akaambiwa si haba, akaguna, wakaendelea. Wa nane. Wa tisa.

"Wa kumi," Nukta akasema.

"Hapo?"

"Hapo."

"Na atakayetaka kuniruka hapo? Mkubwa, mdogo, shemeji wa nani sijui?"

"Hakuruki mtu."

"Sema vizuri, kama ulivyomwambia mwalimu wako."

"Hakuruki mtu, mama. Nukta."

Mama akaipapasa sindano ya kumi, akauvuta uzi kidogo kuona kama umeshika. Safari hii hakuuchomoa. Akaikamata, akavuta kitambaa cha foronya mapajani, akaanza kushona.